Karani Aliyejifunza Upya Mimea ya Kwao

Mtu akishika kalamu katika ofisi za Nairobi miaka 32, hurudi kwao na maarifa mengi. Ajua kupanga majalada, kuandika barua isiyo na kosa, na kuhesabu fedha za watu bila kupoteza senti. Lakini akiulizwa jina la mti unaomtilia kivuli mlangoni pake, huenda akainama na kutazama viatu vyake. Ndivyo ilivyomfika karani mmoja mstaafu wa milima ya Iveti, karibu na mji wa Machakos, aliporudi kujenga nyumba katika shamba la baba yake.

Alitaka bustani. Mjini alikuwa ameyazoea maua ya jakaranda yaliyotandika njia kwa rangi ya zambarau, na mabogenvilia yaliyoanguka juu ya kuta, na nyasi zilizokatwa sawasawa kama nywele za askari. Basi akanunua miche hiyo hiyo kwa wauzaji wa kando ya barabara, akaipanda kwa bidii. Hakujua, wala muuzaji hakumwambia, kwamba jakaranda na bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini. Hilo si kosa. Hata mahindi na viazi vilitoka upande huo wa bahari, na hakuna atakayethubutu kuviita adui. Ila mvua za vuli zilipokosekana, ndoo za maji zikawa nyingi kuliko nguvu za jamaa nyumbani, na nusu ya bustani ikakauka.

Wakati huo huo, katika mpaka wa jirani, ulisimama mti mmoja uliopinda, wenye gome la magamba kama la mvinje mkuukuu, usio na jani hata moja. Juu yake palikuwa na maua mekundu kama makaa, na ndege wadogo wanyonya asali wakigombana tangu asubuhi. Hakuna aliyeumwagia maji. Wakamba huuita muvuti, Wakikuyu muhuti, na wataalamu huuandika Erythrina abyssinica. Desturi yake ni kudondosha majani wakati wa kiangazi na kuchanua hapo hapo, nchi inapokuwa kavu kabisa. Karani aliupita mti huo utotoni mara elfu, na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi alizichezea. Sasa ndipo alipouona.

Tangu siku hiyo aliazimia kupanda mimea ya nchi. Azimio jema, lakini lilikuwa na hatari ndani yake ambayo wengi hawaifikiri, maana kupanda mmea wa porini kwahitaji kwanza kuujua, na kuujua si kuutazama kwa mbali.

Alianza na ua wa kuzuia mbuzi. Akakumbuka mukawa, kichaka chenye miiba ambacho matunda yake, ngawa, watoto wa Ukambani huyachuma tangu zamani yakiiva na kuwa meusi yenye wekundu wa zambarau. Watu wa pwani hukiita mtandamboo, Wamasai olamuriaki, na jina lake la kitaalamu ni Carissa. Ni mmea wenye faida nyingi: miiba yake ni mikali, matunda yake matamu, maua yake meupe yana harufu nzuri kama ya asumini, na kiangazi hakiutishi. Karani akapanda kilimani na mfuko, akachuma matunda meusi kwenye vichaka vilivyojaa penye mawe, akarudi, akaosha mbegu, akazipanda katika mikebe.

Miche ikaota vizuri. Mingine ilitoa miiba mapema, mingine haikutoa. Karani alijiambia kwamba hiyo ya pili ni mivivu tu, itatoa miiba ikikua. Mvua zilipokuja akaipanda yote kwa mstari, kila mche futi moja na nusu kutoka mwenziwe, kando ya njia wanayopita watoto wa shule.

Katika mwaka wa tatu akaja bibi mmoja mzee kuomba moto, akasimama penye ua muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaita.

“Mwanangu, hivi visivyo na miiba umevitoa wapi?”

“Kilimani, Mwaitu. Ni mukawa, ila miiba imechelewa.”

Mwaitu maana yake ni mama yetu, na ndivyo mtu mzima wa huko amwitavyo mwanamke aliyemzidi umri hata asipomzaa. Bibi akavunja kijiti kimoja, akamwonyesha utomvu mweupe ukitoka, kisha akakitupa mbali na kujifuta vidole kwa majani.

“Hiki si mukawa. Hiki ni kivai. Babu yako alikipika kwa ajili ya mishale.”

Kivai ni mti ambao Wamasai huuita olmorijoi na watu wa pwani msunguti. Kwa wataalamu ni Acokanthera. Ndio mti wa sumu ya mishale iliyowafanya wawindaji wa Ukambani wajulikane mbali. Vijiti, gome na mizizi huchemshwa muda mrefu mpaka hubaki uji mweusi mzito, na sumu iliyo ndani yake, iitwayo wabaini, hushika moyo wa mnyama na kuusimamisha. Yuko hata panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu, ambaye hutafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake ubavuni, hata mbwa amwumaye hudhurika au kufa; jambo hilo wazee walilisema zamani, na wataalamu walilithibitisha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011.

Ubaya ni kwamba mukawa na kivai ni ndugu wa jamaa moja ya mimea. Yote miwili majani yake hukabiliana mawili mawili kwenye kijiti. Yote miwili hutoa utomvu mweupe. Maua ya yote miwili ni meupe yenye wekundu kidogo nje, na harufu yake ni tamu. Matunda ya yote miwili hugeuka meusi yakiiva, na mara nyingi hukaa katika kilima kimoja penye mawe. Tofauti kubwa iliyo wazi ni mwiba: mukawa unao, kivai hakina. Tena jani la kivai aghalabu ni kubwa zaidi, gumu kama ngozi, na ncha yake ni kali. Karani alikuwa ameiona alama hiyo moja iliyo muhimu kuliko zote, akaitolea udhuru.

Alihesabu vichaka kumi na kimoja. Aling'oa siku hiyo hiyo, mizizi na yote, kwa mikono iliyofungwa nguo, akazika katika shimo refu. Hakuvichoma jikoni. Baadhi vilikuwa vimekwisha anza kuchanua. Miezi michache zaidi, na watoto wa shule wangalikuta matunda meusi kando ya njia, mengine ya kula na mengine ya kuua, katika ua mmoja.

Baada ya hapo karani hakuiacha bustani, bali alianza masomo. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa yule bibi. Kila Jumamosi walitembea pole pole mpakani, na karani akiwa na daftari la mistari kama lile alilotumia ofisini. Bibi alijua miti kwa namna nne au tano kwa wakati mmoja: kwa gome, kwa harufu ya jani lililosuguliwa, kwa moto wake jikoni, kwa wadudu waujiao, na kwa ugonjwa uliotibiwa nao. Hakuanza kamwe na ua. Mtu asiyejua mimea hungoja maua, na maua hukaa majuma mawili tu. Mengine ya mwaka yapasa kuujua mti kwa majani na kijiti.

Mafunzo ya bibi hayapingani na ya vitabu. Jambo la kwanza ni kutazama jinsi majani yalivyokaa. Yanakabiliana mawili mawili, ama yanapishana, moja huku na moja kule? Hilo peke yake hugawa miti ya nchi katika mafungu mawili makubwa. La pili ni kujua jani ni lipi hasa. Wengi wanapotazama mkwaju, ambao Wakamba huuita kithumula, hudhani kila kipande kidogo ni jani. Sivyo. Jani zima la mkwaju lina vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za ukuti mmoja. Ili mtu asidanganyike, na atafute kichipukizi: hicho hukaa katika kwapa la jani zima, mahali liliposhika kijiti, wala hakikai katika kwapa la kijani kidogo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini asiyelijua hatafika popote katika kitabu chochote cha miti.

Kisha huja utomvu, kama ni mweupe, wa maji au haupo. Na harufu, na miiba. Katika miti ya migunga, miiba peke yake husema mengi. Migunga mingi yenye miiba mirefu iliyonyoka, miwili miwili, huchanua maua ya mviringo kama vijipira, na ile yenye miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka mara nyingi huchanua maua marefu kama mkia. Wataalamu wa zamani waliiita yote Akasia. Lakini katika mkutano wao wa Vienna mwaka 2005 waliamua kwamba jina hilo libaki kwa miti ya Australia, na katika mkutano wa Melbourne mwaka 2011 uamuzi ukakazwa. Migunga ya Afrika ikapewa majina ya Vachellia na Senegalia. Waafrika wengi hawakufurahi. Mgunga wenyewe haukutikisika.

Hapo msomaji aweza kuuliza: ikiwa wenye elimu hubadili majina, yafaa nini kujisumbua na Kilatini? Jibu lapatikana kwa kusafiri. Siala ya Wajaluo ndiyo lusiola ya Waluhya na muu ya Wakikuyu, mti ule ule mmoja wenye maua ya manjano, Markhamia lutea. Kinyume chake, Mkikuyu akisema mugumo aweza kuwa anataja aina mbili za mitini zilizo mbali kidogo. Mkamba na Mkikuyu wote wawili husema mukuyu na kumaanisha mti mmoja; mutarakwa wa Wakikuyu ni tarakwet ya Wakalenjin na oltarakwai ya Wamasai, na masikio yaweza kuukubali undugu huo. Lakini hakuna awezaye kukisia kwamba muthulu wa Ukambani ndio mukinduri wa Kiambu. Mtu akiagiza mbegu kwa jina la nyumbani katika wilaya nyingine, ajue kwamba huenda akaletewa mti mwingine kabisa. Jina la Kilatini ni kama nambari ya kipande: halina utamu mdomoni, lakini halichanganyi watu wawili.

Mwalimu wa pili wa karani alikuwa Nairobi. Katika Makumbusho ya Taifa kuna Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, mahali ambapo mimea mikavu mamia ya maelfu imewekwa katika makabati, kila mmoja umegandishwa juu ya karatasi pamoja na maelezo yake. Hifadhi hiyo haikuanzia Nairobi. Ilianzia Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani waliweka kituo cha utafiti mwaka 1902, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Kutokana na kazi ya namna hiyo, iliyofanywa pamoja na wataalamu wa bustani ya Kew huko London, mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania iliandikwa kitabu baada ya kitabu. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012. Miaka 60, na aina zaidi ya 12,000 za mimea. Waliouanza mradi huo wengi hawakuuona mwisho wake.

Si lazima mkulima awe na vitabu hivyo. Kitabu cha Beentje juu ya miti na vichaka vya Kenya, kilichotoka mwaka 1994, chatosha kwa mwenye subira. Na kile cha Maundu na Tengnäs cha mwaka 2005, juu ya miti yenye manufaa nchini, kina majina ya lugha nyingi za Kenya, basi mtu aweza kuanza na jina alilopewa na nyanya yake na kufika kwenye la Kilatini. Lakini shaka ikibaki, kielelezo kikavu ndicho shahidi.

Kukausha kielelezo hakuhitaji mashine. Hukatwa tawi dogo la urefu wa mkono hadi kiwiko, lenye majani, na ua au tunda ikiwezekana, maana majani matupu huwasumbua hata mabingwa. Hulazwa katikati ya gazeti kuukuu, jani moja likigeuzwa ili mgongo wake uonekane, kisha hugandamizwa kwa mbao na mawe. Karatasi hubadilishwa kila siku mpaka mmea ukauke. Asiyebadilisha atapata ukungu badala ya elimu. Pamoja na kielelezo huandikwa siku, mahali, urefu wa mti, aina ya udongo, rangi ya ua likiwa bichi (maana rangi hufifia), harufu, na jina la kwao. Karani wa Iveti, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoizoea, aliandika maelezo safi kupita kiasi. Alitia hata nambari ya jalada. Vielelezo vyake viwili vya kwanza vilikuwa mukawa na kivai, na aliviweka ukurasa mmoja ukitazamana na mwingine.

Onyo moja lazima litiwe hapa. Mmea usiojulikana hautambuliwi kwa kuonjwa. Yapo matunda ya jamii ya mnavu yanayoliwa, na mboga ya mnavu wenyewe ni chakula cha heri katika nyumba nyingi za Kenya. Lakini mtunguja, ambao ni ndugu yake, wenye matunda ya manjano kama vijipira kando ya njia, ni sumu. Liko pia yungiyungi zuri la kupanda, Gloriosa, lenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, ambalo hupendeza sana bustanini, na kiazi chake kilicho chini ya udongo chaweza kuua mtu aliyekidhania kuwa kiazi kikuu. Hata mnyaa wa ua, ambao watu huuzoea, utomvu wake ukiingia jichoni huleta upofu wa muda, na pengine madhara ya kudumu. Mimea hiyo haikatazwi. Yapasa tu mwenye bustani awe anajua alichopanda na wapi.

Juu ya kupanda kwenyewe, jambo kubwa ni mbegu, maana kila mti una tabia yake kama watoto wa mama mmoja. Mbegu za mgunga zina ganda gumu: maji huchemshwa, huepuliwa motoni, humwagwa juu ya mbegu, nazo huachwa humo mpaka kesho yake. Mbegu za muthulu zina mafuta, basi hazikai. Zikiwekwa ghalani muda mrefu hupoteza uhai. Ndivyo na mbegu za muiri, mti wa nyanda za juu ambao gome lake limekuwa likisafirishwa Ulaya kwa dawa ya wazee wa kiume mpaka biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa mataifa mwaka 1995. Muvuti hausumbui, hukatwa tawi nene, likasimikwa ardhini mwanzo wa mvua, na likaota. Mukawa huota kwa mbegu mbichi iliyooshwa nyama yake, mradi mchumaji ahakikishe kwamba kichaka alichochuma kina miiba.

Mgumu kuliko yote ni mukau, Melia volkensii, fahari ya nchi kavu ya Kitui na Makueni. Ubao wake ni mwekundu na imara, mchwa hawaupendi, na mizinga ya nyuki ya kienyeji huchongwa kwa mti huo. Lakini kokwa lake ni kama jiwe. Watu wa huko zamani waliokota makokwa yaliyotemwa na mbuzi zizini, wakijua kwamba hayo huota upesi zaidi. Watafiti wa miti nao wakaja na njia yao: kokwa hupasuliwa kwa uangalifu, mbegu hutolewa nzima, ncha yake hukwanguliwa kidogo, hulowekwa usiku mmoja, ndipo hupandwa mchangani. Kazi hiyo yataka vidole vyepesi na kisu kidogo. Katika jaribio lake la kwanza karani aliponda mbegu nyingi kuliko alizookoa.

Iko njia nyepesi zaidi, nayo ni kuchukua miche iliyojiotea chini ya mti mama wakati wa mvua, pamoja na bonge la udongo wake, na kuifunga kwa majani ya mgomba. Shambani mwa mtu huombwa ruhusa kwa mwenyewe. Katika msitu wa serikali ruhusa hutolewa na Huduma ya Misitu, na asiyekuwa nayo avunja sheria. Iko mimea ambayo sheria huilinda kwa ukali zaidi. Kuvuna shubiri ya porini, kiluma ya Wakamba, kulipigwa marufuku kwa amri ya Rais mwaka 1986, na msandali mwaka 2007, baada ya wafanyabiashara kuing'oa mpaka mizizi. Kwa bustani shubiri hupatikana kwa machipukizi ya pembeni kutoka kwa jirani aliyekwisha ipanda. Jeraha lake huachwa likauke siku chache kivulini kabla ya kupandwa.

Wako watu wasemao kwamba miti ya kienyeji hukua pole pole, na kwamba ndiyo sababu wazee walikubali mikalitusi. Kwa sehemu ni kweli. Shamba la miti la Nairobi lililo karibu na Ikulu lilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili hiyo hasa, kujaribu miti ya kigeni ikuayo upesi, kwa kuwa garimoshi lilikula kuni nyingi. Lakini haraka ina gharama zake. Mfano mkubwa ni mathenge, mti wa miiba kutoka Amerika ulioletwa Baringo katika miaka ya 1980 ili kuzuia udongo usichukuliwe na upepo. Ulizuia udongo, kisha ukazuia malisho, njia na mashamba. Mwaka 2006 wakaaji wa huko waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi, wakamleta na mbuzi ambaye meno yake yalikuwa yameng'oka kwa kutafuna maganda matamu ya mti huo. Vivyo hivyo mkinda, yaani Lantana, ulioletwa kwa ajili ya maua yake mazuri, umekuwa magugu ya malisho katika wilaya nyingi.

Wala asidhani mtu kwamba ubaya ni wa mti wenyewe. Mti wa Nandi wenye maua makubwa ya rangi ya moto, Spathodea, ambao magharibi ya Kenya ni mwenyeji wa heshima, huko Hawaii na Fiji unahesabiwa kuwa gugu baya linaloshambulia misitu. Mgeni wa huko ni mzaliwa wa huku.

Ajabu nyingine ni jinsi mimea ya Afrika Mashariki ilivyopendwa ugenini kabla ya kujulikana nyumbani. Katika madirisha ya Ulaya na Marekani hukaa mamilioni ya vyungu vidogo vyenye maua ya zambarau na majani yenye manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Wenye nyumba huyaita maua ya Afrika. Asili yake ni milima ya Usambara, ambako ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta mwaka 1892 na kupeleka mbegu kwa baba yake. Mwaka uliofuata yakapewa jina la Saintpaulia. Aina moja ya jamaa hiyo hukaa katika msitu wa Mbololo, milima ya Taita, juu ya mawe yenye kivuli, na haipatikani porini mahali pengine po pote duniani. Bibi wa Uingereza aweza kuwa nayo jikoni pake huku mtoto wa Voi hajapata kuiona.

Huko Iveti nako milima haikuwa daima kama ilivyo. Picha zilizopigwa mwaka 1937, wakati maofisa wa kilimo walipokuwa wakilalamika juu ya makorongo ya Machakos, zaonyesha vilima vitupu. Watafiti waliosimama mahali pale pale miaka zaidi ya hamsini baadaye, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1994, walikuta matuta ya kuzuia maji na miti mingi zaidi, ingawa watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa. Miti hiyo ilipandwa na wenye mashamba kwa mikono yao, mmoja mmoja, mingine ya kigeni na mingine ya kwao.

Ua wa karani sasa umefungamana, na mbuzi hawapiti. Mahali vilipong'olewa vile vichaka kumi na kimoja palibaki mapengo, naye akayajaza kwa mukawa aliouzalisha kutokana na vichaka vyake mwenyewe. Penye lango amesimika matawi mawili ya muvuti, moja kila upande, na kati ya mawe amepanda kiluma. Kabla ya shule kufungwa, matunda yanapoiva, yeye na bibi hupita mstari wote toka mwanzo hadi mwisho, wakitazama kila kichaka kama kina miiba. Bibi haoni vizuri tena, basi hupapasa kwa vidole.